Kazi Iko kwa Anayekujua Kidogo

Kati ya saa moja na saa tatu usiku, treni za metro zinazokwenda upande wa Expo hushusha umati katika kituo cha Discovery Gardens, kusini-magharibi mwa Dubai. Wamo walinzi wenye sare, wapishi wenye harufu ya vitunguu, wahasibu waliolegeza tai. Wamo pia wachache waliovaa vizuri kuliko wote: shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa, mkononi bahasha ya kaki. Hao ndio wanaotafuta kazi. Wametembea tangu asubuhi duka hadi duka, hoteli hadi hoteli, wakiacha nakala za CV kwa wahudumu wa mapokezi waliozoea kuzipokea kwa adabu na kuziweka chini ya meza.

Kiswahili hakikosekani katika umati huo. Utakisikia cha Mombasa na cha Nairobi, cha Dar es Salaam na cha Unguja, na kile cha Kampala na cha Goma. Mtaa huu ulijengwa na kampuni ya Nakheel katikati ya miaka ya 2000: majengo ya ghorofa chache katika sehemu sita zilizopewa majina ya mandhari, yaani Zen, Mediterranean, Mesoamerican, Mogul, Cactus na Contemporary. Kodi zake ni nafuu ukilinganisha na Dubai Marina iliyo jirani, na kituo cha metro kilipofunguliwa mwanzoni mwa 2021 usafiri ukarahisika zaidi. Mgeni wa Afrika Mashariki anayefikia hapa hakodi nyumba, na mara nyingi hakodi hata chumba. Anakodi kitanda. Pengine hicho kitanda kiko nyuma ya ukuta wa jasi uliogawa sebule, na hilo lina hatari yake, maana mwaka 2025 Manispaa ya Dubai ilifanya msako wa vyumba vya namna hiyo katika mitaa kama Al Rigga, Al Barsha na Satwa.

Kazi nazo haziko mbali. Bandari ya Jebel Ali, iliyofunguliwa 1979, iko upande wa pili wa barabara kuu, pamoja na eneo huru la biashara lililoanzishwa 1985, lenye maghala, viwanda na ofisi za kampuni za kila taifa. Upande mwingine ziko hoteli za Marina. Kwa hiyo kazi zipo na watu wapo. Kinachokosekana katikati ndicho ninachotaka kukiangalia, kwa sababu nimewaona vijana wenye mikono mizuri na akili nzuri wakirudi nyumbani na deni la tiketi, na kosa lao kubwa lilikuwa moja: walitafuta kazi ndani ya chumba walicholala.

Chukua chumba cha vitanda sita. Wote sita wanatoka pwani moja au bara moja, wote wako katika makundi yaleyale ya WhatsApp, na wote wanaletewa matangazo yaleyale ya usaili wa papo kwa papo. Mmoja akipata habari, watano wanayo kabla chai haijapoa. Alfajiri wanapanda treni moja kwenda kupanga foleni moja, na jioni wanarudi wakifarijiana. Upendo upo humo, na chakula kinagawanywa kwa haki. Habari mpya ndiyo haimo. Yeyote kati ya hao sita angekuwa anajua mlango ulio wazi, angekuwa ameshaingia.

Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha makala kuhusu jambo hilihili. Alikuwa amewahoji watu waliobadilisha kazi karibuni katika mji wa Newton, jirani na Boston. Wale waliopata kazi kupitia mtu, aliwauliza: wakati ule ulikuwa ukionana naye mara ngapi? Asilimia 16.7 tu walisema mara kwa mara, yaani angalau mara mbili kwa wiki. Asilimia 55.6 walisema wakionana mojamoja, na asilimia 27.8 wakasema kwa nadra, mara moja kwa mwaka au chini ya hapo. Kazi haikuwa imetoka kwa rafiki wa moyoni. Ilitoka kwa mtu aliyesoma naye zamani, kwa mwenzake wa kazi ya nyuma, kwa mtu waliyekutana njiani wakasalimiana. Maelezo yake ni mepesi: watu wako wa karibu huzunguka mahali unapozunguka wewe, hivyo wanajua unayoyajua. Anayekujua kidogo anaishi kwingine, na habari zake ni za kwingine. Mwaka 2022 jarida la Science likachapisha uchunguzi uliofanywa kwa watumiaji zaidi ya milioni 20 wa mtandao wa LinkedIn, na matokeo yakaelekea palepale, kwa nyongeza moja muhimu: wanaosaidia zaidi ni wale wanaokujua kwa kiasi, wala si wageni kabisa.

Nyongeza hiyo ina uzito Dubai kuliko Boston. Waliohojiwa na Granovetter walikuwa watu wa taaluma na ofisi. Anayetafuta kazi ya ghala, ya usafi au ya ulinzi yuko katika hali nyingine, na hapo mimi namsikiliza zaidi mtafiti mwingine, Sandra Susan Smith. Katika kitabu chake cha 2007, Lone Pursuit, alieleza habari za Wamarekani weusi wa kipato cha chini katika jimbo la Michigan. Aliona kwamba wengi waliokuwa na kazi walijua nafasi zilipo, lakini walisita kuwataja jamaa zao kwa mabosi. Walikuwa wakilinda jina. Ukimpeleka mtu akachelewa, akagombana au akaacha kazi wiki ya pili, bosi hamkumbuki yeye, anakukumbuka wewe uliyemleta.

Ukikaa Discovery Gardens utaisikia hadithi hiyo kwa sauti za kwetu. Kuna binamu aliyeko kwenye ghala la Jebel Ali kwa miaka, hajamwitia mtu kazi hata siku moja, na huko nyumbani shangazi anasema mtoto yule amesahau alikotoka. Inawezekana amesahau. Lakini mara nyingi zaidi anaogopa, na hofu yake ina mantiki: kibali chake cha kuishi nchini kimefungwa kwenye kazi hiyohiyo, watoto wake wanasomeshwa na mshahara huohuo. Kisha, ukimuuliza vizuri, atakwambia kwamba hajawahi kukuona ukifanya kazi. Amekuona ukila sikukuu.

Basi tunayemtafuta ni mtu wa namna fulani. Awe nje ya chumba chako, na awe amekuona ukifanya jambo, hata dogo, akajua kwamba mikono yako inafanya unachosema. Mwenzako wa chumbani hana la kwanza, na mhudumu wa mapokezi aliyepokea bahasha yako hana la pili. Na hapo ndipo ujuzi na kujuana vinapokutana, ingawa watu huvizungumza kama njia mbili tofauti: ile ya "soma kozi" na ile ya "tafuta koneksheni". Kozi ambayo hukukutana na mtu ndani yake imekupa nusu ya thamani yake. Na koneksheni isiyojua unaweza nini haina la kukusaidia.

Sikiliza ujumbe unaotumwa kila siku kutoka mtaani hapa: "Shikamoo dada. Nimefika Dubai, naomba unikumbuke kwa kazi yoyote." Dada anajibu kwa moyo safi: "Marahaba mdogo wangu, nikisikia nitakuambia." Hatasikia. Hakuna msimamizi duniani anayewaambia wafanyakazi wake kwamba anatafuta mtu wa kazi yoyote. Anatafuta mtu wa kufungua viyoyozi, mtu wa kupanga mizigo kwa kompyuta, mtu wa kukaa na mtoto mwenye pumu. Mwombaji alidhani anaongeza nafasi zake kwa kukubali kila kitu, kumbe amemnyima dada kitu cha kukumbuka.

Sasa ujumbe mwingine: "Shikamoo dada. Nimefanya ufundi wa viyoyozi miaka minne Tabata, nina cheti cha VETA. Katika jengo mnalofanyia usafi, ni kampuni gani inahudumia viyoyozi?" Swali hili dada analiweza hata kama hana cheo. Jina la kampuni limebandikwa kwenye mlango wa chumba cha mitambo, na fundi wao anapita naye kila wiki kwenye lifti. Hajaombwa aweke jina lake rehani. Ameombwa asome kibandiko. Kesho akimwona yule fundi, Mhindi au Mpakistani, atakuwa na la kumuuliza, na mlolongo umeanza.

Hatua chache kutoka mtaani kuna duka kubwa lililopewa jina la msafiri aliyelijua jambo hili. Ibn Battuta Mall, iliyofunguliwa 2005, ina kumbi sita zinazoiga Andalusia, Tunisia, Misri, Uajemi, India na China. Kilwa na Mombasa, alizofika Ibn Battuta mwaka 1331, hazikupewa ukumbi, na kwa msomaji wa pwani hilo ni pengo. Katika safari hiyohiyo alitia nanga Mogadishu, na ameeleza desturi aliyoikuta: vijana wa mji walikuja na mashua hadi chombo kilipo, kila mmoja na sinia la chakula, akimkabidhi mfanyabiashara mmoja na kutangaza kuwa huyo ni mgeni wake. Mgeni akishukia kwa mwenyeji huyo, mwenyeji ndiye aliyemuuzia na kumnunulia. Alipofikiwa Ibn Battuta, wenzake walisema huyu si mfanyabiashara, ni mwanazuoni wa fiqhi. Habari ikapelekwa kwa kadhi, kadhi akaja mwenyewe ufukweni, na kutoka hapo akafikishwa kwa sultani. Neno moja la kutaja kazi yake lilimwelekeza kwenye nyumba iliyo sahihi. Baadaye, huko Delhi, sultani Muhammad bin Tughluq alimfanya kadhi ingawa lugha ya wenyeji ilimpiga chenga, akapewa wasaidizi. Elimu yake ilikuwa ya aina inayotambuliwa kila bandari aliyotia mguu.

Elimu inayotambuliwa bandarini: hilo ndilo suala la pili, na Dubai ni kali juu yake. Huu ni mji wa kadi na leseni. Huwezi kuwa mlinzi bila mafunzo na kadi ya SIRA, mamlaka ya sekta ya ulinzi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, hata kama ulilinda benki Nairobi kwa miaka kumi. Muuguzi lazima apitie mtihani na leseni ya Mamlaka ya Afya ya Dubai, na kabla ya hapo vyeti vyake vihakikiwe na kampuni ya DataFlow mpaka kwenye chuo alichosoma. Anayeshika chakula anahitaji kadi ya afya na mafunzo ya usafi wa chakula. Mwalimu wa mazoezi anaulizwa usajili wa REPs, mwokoaji wa bwawani anaulizwa idhini ya Manispaa, dereva anaulizwa leseni ya hapahapa. Kwa mgeni mambo haya yanachosha na kuumiza mfuko. Lakini yana faida moja ambayo sisi tuliozoea kazi za kujuana hatuioni haraka: karatasi ya namna hii humwondolea mzigo anayekupendekeza. Hahitaji kuapa kwamba wewe ni mtu mzuri, kwa sababu mamlaka imeshasema kwamba unaweza kazi.

Kosa ninaloliona sana ni kununua kozi kwanza na kutafuta kazi ya kuifaa baadaye. Kuna vyuo vya chumba kimoja vinavyouza vyeti vya rangi ya dhahabu, na kuna kozi za bure mtandaoni ambazo zinafundisha vizuri kabisa lakini hakuna msimamizi wa ghala atakayeziuliza. Soma tangazo la kazi unayoitaka, soma la pili, soma la tano, uone karatasi gani inarudiwa. Hiyo ndiyo ya kulipia. Ukipata nafasi ya kuchagua kati ya kusoma peke yako kwa simu na kukaa darasani, nakushauri darasa, hata likiwa ghali kidogo. Katika darasa la huduma ya kwanza au la usalama kazini unakaa na Mnepali, Mfilipino, Mnigeria na Mmisri, na nusu yao wametumwa na waajiri wao. Wale wana kazi. Watakuona ukiuliza maswali, ukifunga bendeji, ukifika kwa wakati. Mwisho wa siku hutaondoka na cheti tu.

Zaidi ya yote, baadhi ya karatasi ni rahisi kuzishughulikia nyumbani kabla ya kupanda ndege. Tanzania, VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi aliyejifunza gereji au kwenye ujenzi bila kukanyaga darasa hupimwa anachokiweza na kupewa cheti. Kenya, NITA hufanya mitihani ya ufundi kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza. Maelfu ya mafundi wetu wanaondoka bila kuzigusa taasisi hizi, kisha wanafika Dubai wakijieleza kwa maneno matupu. Vyeti vya elimu vinavyohitaji kuthibitishwa navyo hupitia mikono ya serikali ya nyumbani na ubalozi wa Emirati kabla havijathibitishwa Emirati kwenyewe, na kazi hiyo ukiianza ukiwa kitandani Discovery Gardens unalipia kila bahasha inayoruka kwenda na kurudi.

Saa nayo inakwenda. Viza ya matembezi ni ya siku 30 au 60, na baada ya hapo kila siku ni faini ya dirhamu 50. Wenye shahada wachache wanajua kwamba tangu mwishoni mwa 2022 ipo viza maalumu ya kutafuta kazi, ya siku 60, 90 au 120, isiyohitaji mdhamini. Inatolewa kwa watu wa ngazi za juu za ujuzi na kwa wahitimu wapya wa vyuo vikuu 500 bora duniani. Wengi wetu hatumo, lakini mhandisi au mhasibu wa Arusha mwenye sifa hizo hana sababu ya kuja kwa viza ya matembezi na kuhesabu siku kwa woga.

Hapa kuna ugumu wa kweli ambao sitaki kuupita. Nimesema uonekane ukifanya kazi, na sheria inakataza mwenye viza ya matembezi kufanya kazi. Tangu marekebisho ya sheria ya 2024, mwajiri anayemtumikisha mtu asiye na kibali anakabiliwa na faini ya dirhamu 100,000 hadi 1,000,000. Kwa hiyo yule mwenye mgahawa anayekwambia "njoo ujaribu wiki mbili, kisha tutaongea" anakuweka hatarini, na mara nyingi hizo wiki mbili ndizo alizokuwa akizitaka. Vivyo hivyo wakala anayedai fedha ili akupe barua ya kazi. Sheria ya kazi, Amri ya Sheria ya Shirikisho namba 33 ya 2021, imemkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kuajiriwa, moja kwa moja au kwa kuzunguka. Kazi halisi huja na barua ya ajira ya mfumo wa Wizara ya Rasilimali Watu, ambayo inaweza kuhakikiwa kabla hujasaini. Anayeomba pesa kwanza hana kazi ya kukupa.

Basi mtu aonekane wapi? Aonekane pale ambapo watu hufanya mambo pamoja bila kulipana. Umbali mfupi kwa gari kutoka Discovery Gardens, huko Jebel Ali, kuna eneo la nyumba za ibada ambalo nadhani ni mahali penye mchanganyiko mkubwa kuliko ofisi yoyote ya Dubai. Lipo Kanisa Katoliki la Mtakatifu Fransisko wa Asizi, lipo Kanisa la Kianglikana la Christ Church, lipo hekalu la Masingasinga lililofunguliwa 2012 ambalo jiko lake humlisha kila anayeingia bila kumuuliza dini, na lipo hekalu la Wahindu lililofunguliwa 2022. Misikiti iko kila upande, na mwezi wa Ramadhani futari huwakalisha mkeka mmoja watu wasioweza kukutana siku nyingine.

Sisemi mtu aende ibadani kuwinda kazi. Nasema anayekwenda asikae nyuma na watu wa kwao kisha akaondoka. Kwaya inahitaji mtu wa kupanga vipaza sauti. Jiko linahitaji wa kuosha masufuria. Futari inahitaji wa kupanga mamia ya pakiti kwa nusu saa bila fujo. Fundi wa umeme anayefika mapema kila wiki kunyoosha nyaya ataonekana na mhandisi wa Kerala na mama wa Manila anayesimamia wahudumu wa hoteli, na wao hawatamjua kwa undani. Watamjua kidogo, na hicho kidogo kitakuwa kizuri. Mwenye kitambulisho cha ukaazi anaweza pia kujiandikisha rasmi katika mifumo ya serikali ya kujitolea. Expo 2020, iliyofanyika mwisho wa mstari huuhuu wa metro kuanzia Oktoba 2021 hadi Machi 2022, ilitumia maelfu ya watu wa kujitolea.

Kuna pia wazee ambao vijana wa bara hawawajui kabisa. Familia za asili ya Unguja na Pemba ziko Emirati tangu miaka ya 1960 na 1970, baada ya mapinduzi ya 1964, na katika nyumba zao Kiswahili hakijazimika. Jahazi zimekwenda na kurudi kati ya ghuba hii na pwani yetu kwa karne nyingi. Boriti za mikoko kutoka Lamu na Rufiji ziliezeka nyumba za kale za Dubai. Mzee wa namna hiyo ukimwamkia kwa adabu ya kwao, ukamuuliza habari badala ya kumuomba, anaweza kukueleza nani ni nani katika mji. Anayeingia na shida yake mdomoni hapewi kiti cha pili.

Kwa waliokwisha kuajiriwa, neno fupi. Kazi ya kwanza ni mahali pa kujenga ya pili, na anayengoja mpaka viza ifutwe ndipo aanze kusalimiana na watu amechelewa. Tangu Januari 2023 ipo bima ya kukosa kazi: mwenye mshahara wa msingi usiozidi dirhamu 16,000 hulipa dirhamu 5 kwa mwezi, na akiachishwa bila kosa baada ya kuchangia miezi 12 mfululizo, hupata asilimia 60 ya mshahara wa msingi kwa muda usiozidi miezi mitatu. Miezi mitatu ya kutafuta bila njaa ni kitu kikubwa. Na upatu wa chumbani, ambao Wakenya wanauita chama, unaweza kumlipia kila mwezi mmoja wao leseni anayoihitaji, badala ya kuishia kwenye simu mpya.

Jumuiya zetu nazo zina la kujibu. Mwishoni mwa karne ya 19 ngoma ya beni ilizuka katika miji ya pwani ya Kenya, kisha ikasambaa Tanganyika na mbele yake pamoja na wafanyakazi waliohama. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975, alionyesha kwamba nyuma ya sare na gwaride vilikuwamo vyama kamili, kama Marini na Arinoti, vyenye vyeo na matawi. Mwanachama akifika mji mgeni, wenzake walimpokea, na akifa walimzika. Jumuiya za leo za Watanzania, Wakenya na Waganda katika Ghuba zimerithi nusu ya pili ya kazi hiyo. Msiba ukitokea, tunasimama. Hata hapo tuwe waangalifu, kwa kuwa sheria ya Emirati ya 2021 inaruhusu uchangishaji kwa taasisi zenye leseni pekee, na michango ya WhatsApp inaweza kumletea mtu kesi. Nusu ya kwanza, ya kumpokea aliye hai na kumweka karibu na kazi, tumemwachia wakala.

Kenya na Tanzania zina ubalozi mdogo Dubai, na kila Desemba kuna sherehe za taifa, tarehe 9 kwa Tanzania Bara na tarehe 12 kwa Wakenya. Huja watu wa hospitali, wa bandari, wa hoteli, wa benki, wakala pilau, wakapiga picha, wakaondoka na watu waliokuja nao. Ningependa kuona mwaka huu meza chache zikitengwa pembeni ya ukumbi, moja ya ulinzi, moja ya viyoyozi na umeme, moja ya uuguzi, moja ya maghala, na kila meza ikakaliwa kwa saa moja na mtu aliye kazini ambaye yuko tayari kujibu maswali: karatasi gani inahitajika, mtihani unafanyika wapi, kampuni zipi zinaajiri. Asiombwe kumwajiri mtu wala kumdhamini. Ukumbi umeshalipiwa na watu wameshafika. Wenye bahasha za kaki waruhusiwe kuingia bure, nao wapangwe kwa ufundi wao, wasipangwe kwa mkoa wanaotoka.